Mota Mpya Kabla Mvua Haijaisha

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanza saa tisa alasiri. Saa tisa na robo mota ya mashine yangu imetoa moshi na kunyamaza.

Haikuwa mota mbaya. Ilikuwa ndogo tu, ya mbao laini na plastiki, na mimi nilikuwa naipa mbao ngumu ya mlango. Ni kama kumpa mtoto wa chekechea gunia la saruji. Mashine yenyewe nimeiunga mwenyewe, skrubu kwa skrubu, miaka miwili iliyopita, mikono ilipoanza kutetemeka. Kabla ya hapo nilichonga kwa patasi miaka thelathini na minne. Patasi inataka mkono uliotulia. Kompyuta haiulizi habari za mkono. Mimi nachora kwenye skrini, mashine inapeleka biti, kile chuma chenye makali kinachozungushwa na mota, mbele, nyuma, juu na chini, na herufi inatokea kwenye mbao. Wanaosema huo si ufundi wajaribu.

Mlango ni wa maktaba ya shule ya mtaani kwetu. Mwalimu mkuu ameuagiza uwe na herufi zote ishirini na nne, za kuzama, kubwa kiasi cha mtoto kupitisha kidole ndani yake. Mbao nne, herufi sita kila mbao. Maktaba inafunguliwa mvua zikiisha.

Na mlango huo huo ndio mtihani wangu. Binti yangu anataka nihamie kwake, ghorofa ya tatu, chumba kizuri chenye dirisha pana na kisicho na mahali pa kuweka mashine. Tumebishana mwaka mzima. Mwezi uliopita tukapatana: nikiumaliza mlango kabla ya mvua kuisha, nabaki kwangu na hataligusa tena jambo hilo. Nikishindwa, nafunga karakana na kuhama bila neno. Nilikubali upesi. Sijawahi kushindwa na mbao.

Jumanne, 4 Machi

Nimeagiza mota mpya, yenye nguvu mara tano ya ile ya zamani, ya kupozwa kwa maji. Nimelala vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Imefika. Kilo tano na ushee, chuma kitupu, inang'aa. Nimeipakata mpaka mezani, na jirani akaniona naongea nayo. Aone tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechonga kishikio kipya cha alumini kwa msumeno na tupa, maana mota hii ni nene na haiingii kwenye kile cha zamani. Ikaingia. Lakini umeme ulipokatika kidogo, kichwa chote cha mashine kikashuka chenyewe kwa uzito na kugonga meza. Nilifikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, nikafunga springi mbili za mlango wa wavu zikishikilie kwa juu. Sasa hakishuki. Katika kitabu cha maelekezo hakuna springi za mlango wa wavu.

Jumamosi, 15 Machi

Leo amekuja Testa.

Testa ni mume wa mdogo wangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Ni fundi umeme mstaafu, na jina hilo nilimpa mimi kwa sababu bisibisi yake ya kupimia umeme haitoki mfuko wa shati, hata harusini. Kwa miaka ishirini na sita ya ushemeji sijamsikia akisema amekosea. Waya ulikosea, mvua ilikosea, aliyemshikia tochi alikosea. Mdogo wangu anasema tunafanana, na mimi humwambia aache utani.

Mota hii haiwaki kwa plagi ya kawaida. Inalishwa na kisanduku kinachopanga kasi yake, na kati ya kisanduku na mota kuna nyaya tatu. Nyaya hazikuwa na alama. Picha kwenye kitabu ni ndogo kama stempu. Mimi nilivaa miwani nikasoma, yeye akaunga: huu wa kwanza, huu wa pili, huu wa tatu. Tukatia maji kwenye ndoo, pampu ikayavuta, tukawasha. Ilinguruma kwa adabu kabisa. Testa akagonga kisanduku kwa kidole, akasema kazi imekwisha.

Jumatatu, 17 Machi

Mkato wa kwanza, kwenye kipande cha mbao laini. Moshi. Mahali pa mfereji wa herufi ukatokea mstari mweusi, kama mtu amepitisha pasi ya moto. Kabla hatujasema kitu, ngurumo ikapiga na umeme ukakatika mtaa mzima. Testa akasema ni unyevu. Nikakubali haraka haraka, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jumanne, 18 Machi

Umeme bado. Nimekaa mbele ya mashine asubuhi nzima na jibu likanijia kabla ya saa nne.

Mota ya nyaya tatu inaweza kuzunguka pande zote mbili. Ukibadilishana nafasi za nyaya mbili, inageuza mzunguko. Na biti ina makali upande mmoja tu. Ikizungushwa kinyume, mgongo wake ndio unaosugua mbao, haikati, inaunguza. Kwa hiyo nyaya ziliungwa vibaya. Na nani aliyesoma picha? Mimi.

Nikafungua plagi iliyo juu ya mota, nikabadilisha nyaya mbili, nikafunga. Kwa mkono huu unaotetemeka ilichukua dakika ishirini. Siwezi kujaribu mpaka umeme urudi, lakini sina wasiwasi. Nimemwambia mdogo wangu peke yake, nikamwapisha asimwambie mumewe. Sitaki Testa aimbe wimbo wa miwani yangu maisha yote.

Jumatano, 19 Machi

Nimeshinda kwenye foleni ya dawa za mkono. Jirani anasema Testa alipita kwangu kuangalia mipira ya maji. Vizuri.

Ijumaa, 21 Machi

Umeme umerudi saa sita. Testa alikuja anapiga mluzi. Mimi pia nilikuwa mchangamfu, nikatia mbao ngumu moja kwa moja, sikuona haja ya kujaribia kwenye kipande. Nina mbao sita, mlango unataka nne.

Sasa nina tano. Moshi ule ule, mweusi ule ule, na biti imegeuka bluu kwa joto.

Hatukutazamana. Testa alisema labda ni unyevu. Nilisema ni unyevu.

Jumatatu, 24 Machi

Tumekausha kipande cha mbao kwa taa siku mbili. Kimeungua vizuri zaidi kwa sababu kimekauka.

Ijumaa, 28 Machi

Tumepunguza kasi ya mota. Imeungua polepole.

Jumatano, 2 Aprili

Biti mpya, ya bei kali. Iliungua kabla ya dakika mbili. Leo nilianza kusema neno juu ya mzunguko, nikajikatiza, maana lingefungua mlango wa maswali. Testa naye akarukia habari ya mipira ya maji. Nilimshukuru moyoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua juu ya bati ni kubwa kiasi kwamba mashine haisikiki. Miaka yote nimefanya kazi kwa masikio. Mbao ikikatwa sawasawa inasema, na ikiteswa inasema pia. Sasa sisikii lolote, naona moshi tu. Nilipima unyoofu wa mota, iko wima kama mwanajeshi. Nilikaza kila skrubu. Kila kitu nilichokifanya kwa mkono wangu ni sahihi, kwa hiyo kosa liko kwenye alichokifanya mtu mwingine. Nimeanza kukitazama kile kisanduku cha Testa kwa jicho la pembeni.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo tumeharibu mbao ya pili, na tumeharibu mengine pia.

Nilitaka tuiache. Testa akasisitiza tujaribu kina kidogo, unene wa karatasi tu. Nikasema sawa. Biti ilipogusa mbao, moshi ukapanda mpaka darini na koleo inayoishika biti ikaanza kunuka chuma. Nikazima. Zimebaki mbao nne, bila hata moja ya akiba.

Nikamwambia kwamba mimi upande wangu ni safi, na huenda kuna mtu ameunga kitu bila kuelewa. Akauliza mtu gani. Nikamwambia tuko wawili tu chumbani. Akasimama akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akasema kwa upole, na upole ndio uliniumiza:

"Shemeji, mkono ukichoka si aibu. Aibu ni kuwalaumu watu kwa sababu yake."

Nikamjibu: "Na wewe hiyo testa yako siku hizi imebaki pambo la mfuko."

Akaondoka bila mwavuli. Nilisimama mlangoni nikamwona analowa mpaka anafika kwake, na sikumwita. Naandika haya kwa sababu nimekasirika, na kwa sababu nimeumia. Mkono wangu haukuwahi kutajwa na mtu wa nyumba yetu mpaka leo.

Jumapili, 13 Aprili

Binti yangu amepiga simu. Redio imesema mvua zitaisha mwanzoni mwa Mei. Chumba kimepakwa rangi ya kijani ninayoipenda. Niliuliza kama rangi imekauka.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna kilichofanyika. Nimefuta vumbi kwenye mashine ambayo haina vumbi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu amekuja asubuhi na sindano, uzi na shati la mumewe. Mfuko umechanika kwa ile bisibisi, kama kila mwaka. Akakaa kwenye benchi la karakana, akaligeuza shati ndani nje ili ashone kwa nyuma, na akaanza kunisema.

Alinisema kwa kumwacha mtu anyeshewe. Akamsema na mumewe, ambaye ana siku sita haongei, anapima soketi za nyumba nzima moja baada ya nyingine. Kisha akasema amechoka kubeba mizigo ya watu wawili wazima, kila mmoja anamwapisha.

Nikamuuliza anamaanisha nini, kila mmoja.

Aliendelea kushona kidogo. Halafu akasema, "Dada, mimi nimeapa mara mbili. Nikivunja kimoja nivunje vyote. Wewe uliniambia umebadilisha nyaya Jumanne ile umeme ulipokuwa umekatika."

"Ndiyo."

"Mwenzako naye alibadilisha kesho yake, Jumatano. Kwenye kisanduku. Alisema yeye ndiye aliyeziunga vibaya, na nisikwambie, utamcheka mpaka kaburini."

Akakata uzi kwa meno, akaliinua shati lililogeuzwa.

"Mimi si fundi. Lakini shati hili nikiligeuza mara moja, na mwingine akija akaligeuza tena, linakuwaje?"

Linarudi lilivyokuwa. Mwezi mzima, mbao mbili, biti nne, na mota ilikuwa inazunguka kinyume vile vile kama siku ya kwanza, huku mafundi wawili wakiwa na uhakika kwamba wameirekebisha. Ndiyo maana hakuna aliyeinama kuitazama inazunguka upande gani inapokaribia kusimama. Ndiyo maana kila mmoja alipenda unyevu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikaisha, na nikaona aibu ya kweli. Ile picha ndogo niliisoma vibaya, nikalificha kosa, na kulificha ndiko kulikoharibu mbao, si kosa lenyewe. Mdogo wangu alisema mficha uchi hazai, akaniachia shati nilipeleke mwenyewe.

Nilikwenda kwenye mvua. Testa alikuwa sebuleni ameshika soketi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, ya kuzunguka zunguka, na yote yakanikimbia.

"Shemeji, nilikosea. Nilisoma vibaya picha, nikabadilisha nyaya kimya kimya. Na nilikusema vibaya."

Aliigeuza geuza ile soketi mkononi. Nadhani alikuwa anatafuta waya wa kuulaumu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayelipa kitu kizito, "Na mimi."

Maneno mawili tu. Kwa Testa, hiyo ni hotuba. Nikampa shati lake.

Ijumaa, 18 Aprili

Tumebadilisha nyaya mbili kwenye kisanduku, wote wawili tumesimama, mmoja anataja rangi na mwingine anarudia kwa sauti. Nikatia alama ya kalamu nyeupe kwenye nati inayobana biti. Tukawasha kwa kasi ndogo kabisa, tukazima, tukainama vichwa vikagongana, tukaitazama alama ikipunguza mwendo. Inakwenda kama mishale ya saa, ndivyo inavyotakiwa.

Kisha kipande cha zile mbao zilizoungua. Mkono ulitetemeka nilipobonyeza, na Testa akatazama kando, jambo la adabu ambalo zamani nisingeliona. Biti ikashuka. Hakukuwa na moshi. Maganda yakaruka, meupe, marefu, yakamwingia Testa mfukoni. Mvua ilikuwa imepungua na niliisikia mbao ikisema.

Jumanne, 22 Aprili

A mpaka F. Safi. Nimepitisha kidole ndani ya kila herufi.

Ijumaa, 25 Aprili

G mpaka L. Umeme ulikatika katikati ya J, kichwa hakikushuka. Springi za mlango wa wavu, kitabu kiandike.

Jumatano, 30 Aprili

M mpaka S. Testa amepaka rangi ncha za nyaya zote tatu, kila moja na yake, na ameandika kwa herufi kubwa ukutani ni ipi inakwenda wapi. Chini yake ameandika: muulizeni mwenzenu. Nilikuwa namwona mtu wa kujidai. Ni mwoga wa kuchekwa, kama mimi tu, na ana mkono mzuri wa kuandika.

Jumatatu, 5 Mei

T mpaka Z. Mvua imenyesha robo saa.

Ijumaa, 9 Mei

Jua. Mlango umesimama karakanani, umeungwa na kusuguliwa. Binti yangu amefika saa nne na maboksi matupu kwenye gari, maana hakuwa ameamini, na sikumlaumu. Aliuzunguka mlango. Alipitisha kidole kwenye CH, akarudia. Kisha akasema ameshindwa na mapatano ni mapatano, na akaanza kukunja maboksi. Nilingoja furaha ije. Ilikuja nusu, maana uso wake haukuwa na raha.

Tulikunywa chai wanne, yeye, mimi, mdogo wangu na Testa. Mdogo wangu hawezi kukaa na hadithi nzuri, akaianza ya shati. Binti yangu akauliza, sasa hasa nani alikosea?

"Mimi," nikasema. "Nilisoma vibaya, halafu nikaficha."

Testa akasema na yeye alificha.

Binti yangu akaweka kikombe chini. "Mama, sema tena."

"Nini?"

"Hilo ulilosema. Sijawahi kulisikia nyumba hii."

Nikarudia. Akaanza kulia, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mbele ya baba yake mdogo. Nilidhani ni kwa sababu ya chumba cha kijani. Haikuwa hivyo.

"Unadhani nilikuwa naogopa mashine? Au mikono? Mama, kidole chako cha mwaka jana nilikisikia kwa mwenye duka la dawa. Wiki tatu unanijibu kwenye simu kwamba hujambo, na kidole kinaoza. Ningewezaje kukuacha huku peke yako?"

Kidole hicho hata humu sijakiandika. Patasi iliteleza nilipokuwa nasafisha kingo za mbao iliyotoka kwenye mashine. Nilikifunga kwa gundi ya karatasi na kitambaa, nikamwambia kila mtu ni mchubuko. Nilikuwa nalinda karakana. Kumbe kuficha huko ndiko kulikokuwa kunaniondoa karakanani.

Nilitaka kumwambia halitatokea tena, lakini kwa fundi hilo ni uongo. Nikamwambia litatokea, na likitokea atalisikia kwangu kwanza. Alinitazama sana, kisha akanyoosha kikombe chake niongeze chai.

Jumatatu, 12 Mei

Tumeupeleka mlango shuleni. Bawaba ya juu nimekosea kipimo, milimita nne, mlango hauingii. Kabla sijafungua hata skrubu moja nimempigia simu binti yangu nikamwambia. Hajui bawaba ni kitu gani na hakuwa na la kunisaidia. Tumeongea nusu saa.